Mama Nimekusikia Naye Aulizwa

Baada ya miaka thelathini na moja ya kubisha hodi kwenye milango ya watu, Mama Nimekusikia, mhoji mkuu wa ofisi yetu ya kura za maoni, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu.

Alianza kwa kuuliza kuhusu sabuni. Baadaye akakabidhiwa swali alilolipenda kuliko yote: je, wananchi wanataka vyombo vinavyoiongoza dunia vibadilishwe? Mataifa makubwa yabaki na kura ya turufu, yaani mmoja akikataa wote wamekwama? Fundi viatu alimwambia, "Mama, hata mwenyekiti wa jengo hili sikumchagua, unaniuliza wa dunia?" Mshonaji alipoelezwa turufu ni nini, akasema, "Huyo namjua. Ni wifi yangu." Wote walijibiwa kwa uso usiosema kitu: "Nimekusikia." Jina likamganda.

Mhoji haruhusiwi kuonyesha anachofikiri, naye aliibeba kanuni hiyo mpaka nyumbani. Mumewe alipomuuliza mlango upakwe bluu au kijani, alimsomea rangi zote mbili kwa sauti ileile. Baba wa watu akapaka nusu kwa nusu.

Mimi alinifundisha kazi. Siku ya kwanza tu akanipeleka kwa kijana fundi saa, mwenye macho ambayo sitayaeleza hapa, nafasi haitoshi. Kijana akaunga mkono turufu ifutwe, kisha akaunga mkono ibaki. Mama akaikataa hojaji: "Huyu hakusikia swali, mwanangu. Alikuwa anakutazama wewe." Akamtuma mhoji mwenye ndevu, majibu yakanyooka. Kijana huyo sasa ni mume wangu, na haruhusiwi kuhojiwa tena, kwa kuwa wafanyakazi na watu wa nyumbani kwao hawahesabiwi. Anasema hajutii, na hulisema hilo vizuri mno.

Lakini kanuni hiyohiyo ilimuuma Mama. Aliwauliza maelfu, yeye hakuulizwa hata mara moja. Aliwahi kuniambia, akifunga kamba za viatu, kwamba anaogopa kuondoka bila mtu kutaka kujua yeye anafikiri nini.

Kwa hiyo Ijumaa iliyopita, kwenye sherehe ya kumuaga, tulimkalisha kwenye kiti nikamsomea swali la kwanza.

"Usitikise kichwa, mwanangu, unanionyesha jibu," akasema. Nikasoma upya. Akatukumbusha kuwa majibu yake hayatahesabiwa popote. Tukamwambia tunajua, tunataka tu kusikia.

Basi akaanza. Alianza na turufu, akaingia kwenye viti vya kudumu, akagonga meza, akacheka, akamkaripia waziri ambaye hakuwepo. Chai ikapoa. Mlinzi alikuja kufunga, akaishia kuvuta kiti. Mume wangu alikuja kunichukua, naye akakaa, tukashikana mikono tukisikiliza mpaka giza likaingia.

Hilo lilikuwa swali moja. Yamebaki kumi na manne, Mama, nasi tutayaleta nyumbani kwako kidogo kidogo. Asante, Mama, kwa kazi, na kwa mume. Ustaafu wako uwe mtamu na wenye afya, na kuanzia sasa ubishane na yeyote umtakaye.