Mama Vigimbi Anaiacha Wodi ya Mifupa

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, ishirini na sita kati yake katika wodi ya mifupa, muuguzi wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Wagonjwa humwita Mama Vigimbi, na jina hilo amejitafutia mwenyewe. Kila aliyewekewa nyonga bandia huanza siku kwa tepu ya fundi cherehani: kigimbi cha kulia, kigimbi cha kushoto, vipimo vinaingia kwenye faili. Mzee mmoja aliwahi kumuuliza suruali itakuwa tayari lini.

Mwaka juzi wodi ilipopakwa rangi, uongozi uliibandua karatasi yake ya dalili za hatari: kigimbi kimoja kuvimba na kupata joto, kidonda kutoa usaha, homa isiyoshuka, mguu kuonekana mfupi ghafla, pumzi kukatika. Eti inachafua ukuta. Wakatundika picha ya maua. Mpaka leo damu inanichemka nikiiona.

Lakini hasira kubwa zaidi ninayo juu yangu mwenyewe. Seremala mmoja alikuwa na siku kumi na moja tangu aruhusiwe kwenda nyumbani, binti yake akapiga simu: mguu wa baba umevimba na unauma. Niliyepokea ni mimi. Bila kuuliza lolote nikamwambia ni kawaida, amwinulie mguu juu ya mto, wasubiri kliniki ya wiki ijayo. Mama Vigimbi alikuwa akipita na trei ya dawa. Aliiweka chini, akanipokonya simu.

"Mwanangu, umevimba wapi, na ule mwingine ukoje?"

Ni kigimbi, upande mmoja tu, tena cha moto. Akaagiza mzee aletwe saa ile ile. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na ingeweza kupanda mapafuni wakati wowote. Seremala alipona. Mama Vigimbi alinipeleka kwa yule binti nikakiri kosa langu, naye akaniambia neno moja tu.

"Nilikuamini, dada."

Sasa tunaarifiwa kwamba nafasi ya Mama Vigimbi haitajazwa kwa sababu kazi yake inaweza kufanywa na yeyote. Waliosema hivyo hawajawahi kupokea simu ya wodi hata siku moja. Mimi niliipokea, na nusura niue mtu.

Dada yetu mkubwa, asante kwa kila mgonjwa aliyerudi kwao akitembea. Tunakutakia maisha mema, na tukinyamaza usitusamehe.