Ratiba Iliyosikika: Miaka Ishirini na Sita ya Solfrid Haukenes

Ijumaa tarehe 31 Mei 2024, Solfrid Haukenes anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Vivuko ya Grunnsund kwa miaka ishirini na sita. Mhariri wa jarida hili aliniomba maneno ya furaha. Ninayo, na nitayasema. Lakini nimekaa naye chumba kimoja cha ofisi miaka kumi na tisa, na mwezi huu nina hasira, kwa hiyo msomaji avipokee vyote viwili.

Alikuja Machi 1998 kupiga chapa ratiba za vivuko. Baada ya mwaka mmoja wakubwa waliamua kampuni iwe na tovuti, wakamtazama yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa na kompyuta isiyokwama. Hakuna aliyempeleka kozi. Alijifunza kwenye blogu. Enzi zile waliotengeneza kurasa za mtandao walifundishana bure: huyu anaandika alivyopata safu tatu zilizokaa sawa, yule wa nchi ya mbali anamjibu kwamba kivinjari fulani, yaani programu ya kufungulia kurasa, kinapima visanduku kombo, na dawa yake ni hii. Solfrid alizisoma kila asubuhi na kahawa yake, kabla hata ya kuvua koti. Mwaka 2002 alifungua ya kwake ndani ya tovuti ya kampuni, akaiita Kahawa na Msimbo, akawa anaandika kwa Kinorwe kuhusu CSS, ile lugha ya kuuvalisha ukurasa rangi, herufi na nafasi. Aliandika masomo mia sita na kumi na mawili. Walimu wa shule waliyatumia. Mtu mmoja wa Bergen alimletea soksi za sufu kwa posta kumshukuru kwa somo la pembe za mviringo.

Alikuwa na imani kali. Kila Aprili, kama wenzake wengi wa blogu, kwa siku moja aliivua tovuti yetu mapambo yote ili kuonyesha kwamba mifupa yake ni mizima. Mwaka wa kwanza mkurugenzi wa wakati huo, marehemu Sigbjørn Moe, alishuka ngazi mbiombio.

"Solfrid! Tovuti imeungua!"

"Haijaungua, bosi. Imevua koti tu. Hebu soma ratiba."

Alisoma, akaiona yote ipo. Akanywea, akaomba tu irudishiwe koti kabla ya chakula cha mchana.

Imani hiyo ilimponza pia, naye hajawahi kuficha. Wanablogu wote walihubiri kwamba jedwali lisitumike kupanga sura ya ukurasa, na hapo hawakukosea. Solfrid akazidisha dini. Mwaka 2003 aliyafuta majedwali yote ya tovuti yetu, hata lile la ratiba, ambalo lilikuwa jedwali halali la baba na mama. Kwa macho ukurasa ulipendeza. Lakini Arvid Skarbø, abiria wetu asiyeona, alikuwa na programu inayomsomea kurasa kwa sauti, na asubuhi ile ilimmwagia nyakati thelathini na sita mfululizo bila jina la gati hata moja. Alikikosa kivuko cha kwenda kazini. Alasiri akaja kaunta, fimbo mkononi.

"Dada, mimi ni kipofu, si mpiga ramli! Saa moja na dakika kumi ni ya Lauvneset au ya Kvitholmen?"

"Ni ya Lauvneset. Kosa ni langu, kaka Arvid. Kaa hapa, tulirekebishe pamoja."

Wakakaa hadi kufunga ofisi. Alilirudisha jedwali, akaipa kila safu kichwa chake, ili sauti itaje gati kwanza, kisha saa. Kesho yake aliandika kwenye blogu somo lenye kichwa "Nilimkosesha mtu kivuko", akaeleza kosa na dawa hatua kwa hatua. Ndilo lililosomwa kuliko yote.

Sasa nifike kwenye hasira yangu. Tarehe 6 Mei mwaka huu ilizinduliwa tovuti yetu mpya, kazi ya washauri kutoka mjini. Ina video ya mawimbi. Ratiba imekuwa picha. Ndiyo, picha, kama ya harusi. Solfrid aliwaonya mara tatu kwa maandishi, nao wakamjibu kwamba ni "mambo ya kizamani". Siku hiyohiyo walizima Kahawa na Msimbo, wakaiita mabaki. Dawa ya ugonjwa wao imeandikwa humo tangu 2003, bure, na wao wameitupa bila kuisoma!

Arvid ana miaka themanini na mitatu. Mkewe Torbjørg yuko kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya ghuba, na Arvid huvuka kila siku kwenda kula naye. Tarehe 13 ratiba ya kiangazi ilipoanza, programu yake ilimwambia neno moja: "Picha." Akaenda kwa ratiba aliyoikariri. Kivuko kilikwisha ondoka dakika ishirini nyuma. Alisimama gatini kwenye mvua karibu muda wa saa mbili. Hakuwa na wa kumpigia, kwa kuwa simu ya kaunta ilifungwa Januari kwa hoja kwamba kila kitu kiko kwenye tovuti.

Mkurugenzi wetu wa sasa, Halvard Nesheim, aliisoma rasimu hii.

"Jorunn, wasifu wa mstaafu ni keki, si mahakama."

"Keki ipo, bosi. Kransekake ya pete za lozi, ghorofa kumi na nane. Ratiba je?"

"Tutaliangalia baada ya likizo."

Baada ya likizo ni Agosti.

Solfrid amekataa saa ya dhahabu. Amesema zawadi anayoitaka ni jedwali moja, kazi ya alasiri moja, na amejitolea kuifanya mwenyewe. Hakupewa ruhusa. Basi amempa Arvid namba ya nyumbani kwake. Kuanzia Jumatatu tarehe 3 Juni, kila asubuhi, mstaafu wetu atamsomea ratiba yetu kwenye simu, gati kwanza, kisha saa.

Asante, Solfrid, kwa kazi, kwa masomo, na kwa kukiri kosa hadharani katika nyumba ambayo wengine hawakosei kamwe. Tunakutakia afya, bustani yenye jua na asubuhi ndefu za kulala. Hizo za mwisho, kwa aibu yetu, hatuna uwezo wa kukupa mpaka kampuni hii itakapoanza tena kusema na Arvid.

Jorunn Eikeland, Ofisi ya Magari na Mizigo