Daktari Nekesa na Kibuyu cha Jumamosi ya Kwanza

Ndugu waombolezaji, wazee, kina mama, na nyinyi vijana mliopanda juu ya ua wa jirani, kabla historia hii haijasomwa kila mmoja alambe kidole, akielekeze juu, aape kwamba yatakayosemwa chini ya hema hili hayatavuka geti lile, hayatafika kwa kinyozi, hayatafika kwenye foleni ya maziwa, wala hayatatumwa kwa simu. Mmeapa? Asanteni. Sasa fundi wa spika aongeze sauti, kwa maana wageni wetu wa Chepsaita walioketi kule karibu na zizi wanasema hawasikii.

Anayesoma ni Mama Tryphosa Nangila, senge wa marehemu, yaani dada mdogo wa baba yake, ambaye alifika darasa la nne akatoka huko na kusoma na kuandika tu, na familia imempa kazi hii kwa sababu wale wenye digrii wote walisema watalia. Kamati ya mazishi ilipitia karatasi hii na kukata mambo fulani kwa kalamu nyekundu. Senge ameyarudisha.

Marehemu Daktari Brigid Nekesa Wesonga alizaliwa tarehe 14 Novemba 1971, huko Chepsaita, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wesonga Mabonga na marehemu Mama Sylvia, waliotoka upande wa Bungoma kuja kufanya vibarua kwenye mashamba makubwa ya mahindi, na kwa kuwa alizaliwa watu wakivuna, mkunga mwenyewe akiwa na maganda kwenye nywele, aliitwa Nekesa, jina la mtoto wa mavuno.

Alianza darasa la kwanza mwaka wa 1978, na hapo ndipo kalamu nyekundu ilipita mara ya kwanza. Mwezi wa Februari 1980, Nekesa akiwa na miaka minane, magunia ya mahindi yalianza kupungua ghalani, moja wiki hii, lingine wiki ile, na mbwa wa boma aliyeitwa Bobi habweki hata kidogo, mpaka watu wazima wakasema ni mapepo, wakamwita mwombaji kutoka Turbo. Nekesa akasema mapepo hayali ugali, Bobi habweki kwa sababu mwizi ni wa hapa nyumbani, amezoea kumlisha kwa mkono. Akachukua kofia ya mtu fulani bila kuomba, na kwa wiki tatu akamfundisha Bobi kwamba akinusa harufu ile na kubweka, anapewa omena, wale dagaa wa ziwani, na Jumapili moja, familia ikiwa imeketi kwa maombi, Bobi akapita akinusa viatu, kiatu baada ya kiatu, akafika kwa mtu mmoja, akasimama, akabweka mpaka mwombaji akafunga Biblia. Mtoto hakuwa amemtaja mtu kwa jina. Aliyebwekewa alikuwa mume wa senge. Kamati iliona aibu hapo, lakini mwenyewe alizikwa mwaka wa 1994, mahindi yalishaliwa, na senge alikuwa mmoja wa waliokula, kwa hiyo hakuna wa kushtakiwa.

Aliendelea na masomo mpaka mwaka wa 1985, akawa katika kundi la kwanza kabisa kufanya mtihani wa darasa la nane, akapita, akaenda shule ya bweni ya wasichana upande wa Kakamega kuanzia 1986 hadi 1989, na baadaye chuo kikuu Nairobi, ambako alihitimu mwaka wa 1995 katika mambo ya kemia ya mwili. Mwaka wa 1996 aliajiriwa katika maabara ya hospitali hapa Eldoret mjini, akiwa yule mtu unayempa mkono anakudunga, na wenzake wanasema alikuwa akitazama tone la damu kwenye darubini hadi chai inapoa, anaongeza moto, inapoa tena.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Bwana Ephantus Ng'ang'a, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kijana wa hapa Ainabkoi ambaye wazazi wake walitoka Nyeri, na senge anakiri mbele ya jeneza kwamba yeye ndiye aliyesema ndoa hiyo haitamaliza mvua mbili, imemaliza miaka ishirini na sita, naye Ephantus amemwogesha, amemlisha na kumbeba mgongoni mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo senge amekula maneno yake bila mboga. Walibarikiwa watoto wawili, Kiarie, aliyezaliwa mwaka wa 1999, na Ciku, aliyezaliwa mwaka wa 2003, mwaka uleule mama yao alipokwenda Uholanzi kusomea udaktari wa utafiti, akamwacha mtoto mchanga mikononi mwa senge, majirani wakasema huyo harudi. Alirudi mwezi wa Novemba 2007. Januari 2008 duka la mume wake liliteketea pamoja na mengine mengi ambayo hatutayafukua leo, Wazungu wakampigia simu arudi kwao na familia yake yote, naye akawajibu kwamba wagonjwa wake hawana pasipoti.

Sasa kazi yake. Watu wengi hapa mnajua alikuwa daktari wa damu, lakini hamjui alikuwa anafanya nini na hiyo damu, na senge pia hakujua mpaka siku moja wakimenya viazi jikoni Nekesa alipomwambia, senge, ndani ya damu yako kuna mbwa walinzi, wakiona mgeni wanamrarua, lakini kansa si mgeni, kansa ni mtoto wa boma aliyeharibika, kwa hiyo mbwa wanampita wakitingisha mkia. Mimi nawatoa mbwa wa mgonjwa mwenyewe, nawafundisha harufu ya kofia, halafu nawarudisha nyumbani. Senge akauliza, na omena unawapa? Akacheka mpaka kisu kikaanguka, akasema, nawapa, wana uji wao, kila siku ya pili. Ndugu zangu, senge ameishi miaka sabini na nne, ameona mtu akienda mwezini kwenye gazeti, na hakuna jambo limemfunga mdomo kama hilo, kwamba msichana aliyefundisha Bobi kwa kofia ya mwizi alizunguka dunia nzima akarudi kufundisha damu ya watu.

Ili kazi hiyo ianze alihitaji kwanza damu kidogo ya watu wazima wenye afya, kijiko kimoja tu kila mtu, ya kulinganisha, na tarehe 6 Aprili 2013 alikuja kwenye baraza hapa Ainabkoi kuomba kwa heshima. Akasimama Mzee Kipkorir, mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, akiwa na lile koti lake la kijani, akasema kwa sauti kwamba huyu mama anajenga nyumba kwa damu ya watoto wetu, leo ni kijiko, kesho ni ndoo. Baraza lilitawanyika kama kuku walioona mwewe. Tangu siku hiyo Nekesa aliitwa Mama Chupa, watoto wakakimbia gari lake, na jina hilo halijafa, kwa sababu hata jana, vijana wakichimba kaburi, senge alipita na chai akamsikia mmoja akisema, leo tunamzika Mama Chupa. Na kama ni jina tu, senge angenyamaza, lakini mwezi wa Juni mwaka huu mama mmoja wa huku alimficha mtoto wake mgonjwa nyumbani kwa kuogopa Mama Chupa, na mtoto huyo bado amefichwa. Ndiyo sababu mnaambiwa siri.

Tarehe 19 Agosti 2014, baada ya Nekesa kuandika barua kumi na moja na mwishowe kupewa kibali na kamati ya maadili, aliingia maabara mwanamume mmoja kutoka huku kwetu, kofia ameivuta mpaka puani, akimshika mkono msichana wa miaka tisa ambaye taya lake lilikuwa limevimba kama embe, dawa za kila aina zimeshindwa. Mwanamume huyo alikuwa amemtukana daktari mbele ya watu, na sasa alimwomba aape kwamba hakuna mtu atakayejua amekuja. Nekesa aliapa. Hakumkumbusha hata neno moja. Tarehe 8 Septemba akatoa damu ya mtoto, akamwandika Mgonjwa wa Kwanza, akaanza kufundisha.

Mbwa hao, ndugu zangu, wanataka joto la mwili, lisizidi na lisipungue, na tarehe 19 Septemba, siku ya kumi na moja, mchana, umeme ulipotea mji mzima, jenereta nayo ikakohoa na kufa. Senge alikuwa amefika na chakula cha mchana ndani ya kapu lake la joto, lile kapu la blanketi na pamba ambalo kina mama wa kanisa walifundishwa kushona ili githeri, mahindi na maharagwe yetu, ikae moto bila jiko. Nekesa akalitazama kapu, akamwaga githeri yote juu ya meza, akaweka chupa zake humo na kipimajoto katikati na maji ya uvuguvugu kando, akaketi sakafuni, akalikumbatia. Umeme ulikaa saa sita nzima bila kurudi, naye hakuinuka hata kwenda choo. Saa tisa yule mwanamume akaingia kuuliza habari, akamkuta mtu aliyemwita mnyonya damu ameketi chini akilea kapu la mtoto wake kama yai, akaanguka magoti, akalia, kofia ikaanguka, na senge, aliyekuwa nyuma ya pazia akiokota maharagwe, akamwona vizuri.

Nekesa alimwapisha senge hapohapo, na mnamjua senge. Habari ya harusi yenu huwa anaijua kabla ya bwana harusi. Lakini hiyo ameibeba karibu miaka kumi na moja, imemnyima usingizi, imemtoa kipele kwenye ulimi, na kila alipomwomba Nekesa ruhusa aseme ili jina lake lisafishwe, Nekesa alijibu, senge, jina langu litapona, mtoto kwanza.

Mbwa walirudishwa tarehe 26 Septemba 2014. Wiki ya tano taya lilikuwa limelala. Tarehe 6 Desemba, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, umande ukiwa bado haujakauka, kwenye geti lile palikutwa kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya mkaa, kimefungwa vizuri, hakina barua. Januari kikaja kingine, na Februari, na kila Jumamosi ya kwanza mpaka tarehe 5 mwezi uliopita, jumla yake mia moja ishirini na nane, senge amehesabu kwa sababu yeye ndiye aliyeviosha na kuvirudisha getini vikiwa tupu. Nekesa alikunywa kila kimoja. Baada ya Mgonjwa wa Kwanza walikuja wengine, wote arobaini na mmoja, ishirini na tisa wako hai, wengine mko nao hapa, na wale kumi na wawili waliotutangulia, Nekesa alikwenda mazishi ya kila mmoja, akaketi safu ya nyuma, akarudi maabara siku hiyohiyo.

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi wa Machi 2024, ikapatikana kansa ya kongosho, ambayo mbwa wake walikuwa bado hawajafundishwa harufu yake, naye hakulalamika, alisema amewaachia wanafunzi wake daftari na wataanzia ukurasa aliofikia. Alifariki Alhamisi, tarehe 24 Julai 2025, saa nne asubuhi, Ephantus akimshika mkono.

Jumatano iliyopita msichana wa miaka ishirini, anayesomea uuguzi, alikuja jikoni akamwambia senge, kogo, yaani bibi kwa lugha yao, mimi ndiye Mgonjwa wa Kwanza, ugonjwa ulikuwa wangu na ruhusa ni yangu, soma yote, ila jina la baba yangu sina ruhusa nalo. Senge amelitunza. Katika siri hii yote, hamjasikia jina.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, wenzake wa maabara waliolala zamu kando yake, majirani walioleta kuni na sufuria, kanisa, na vijana waliochimba, pamoja na yule mwenye mdomo. Sasa tunaomba sote tusimame, tumpungie Nekesa kwa mikono miwili, nasema miwili, kwa maana mkono mmoja ni wa kumuaga mtu anayekwenda sokoni.

Asanteni. Naona mikono mingi, Mungu awabariki. Safu ya mbele, kuna mkono mmoja tu. Mzee wa koti la kijani, na ule mwingine? Umeumia? Leo ni tarehe 2 Agosti, mzee wangu, Jumamosi ya kwanza, na geti limejaa watu tangu alfajiri, hukupata pa kuweka. Toa tu. Toa, baba.

Ndicho hicho. Mnakiona, hata nyinyi wa juu ya ua. Amekamatwa na kibuyu mkononi, mbele ya jeneza na mbele ya baraza lilelile. Na huyo anayesimama kando yake, anayesema kwa nguvu kwamba anaitwa Chelimo na yeye ndiye Mgonjwa wa Kwanza, mtazameni taya lake, mtazameni vizuri, halafu mwende mkamwambie yule mama aliyemficha mtoto.

Chelimo, mshike baba yako mkono. Mlete hadi hapa. Mzee, hakuna atakayekuuliza neno. Kapu ndilo hili, kando ya jeneza, blanketi ni lilelile. Kiweke humo. Cha mia moja ishirini na tisa.

Hilo jina linalozunguka chini ya hema mmelitaja nyinyi. Nekesa, senge wako hakumtaja mtu, alibweka tu. Pumzika, mtoto wa mavuno.