Sauti ya Kabatini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama kuna sufuria jikoni, punguzeni moto. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mmemsikia, lakini wachache sana mmewahi kumwona. Kazini na mtaani aliitwa Bi Nukta. Bi Nukta ndiye aliyeanzisha Barabara, ile programu inayowasomea watu maandishi kwa sauti. Sauti mliyokuwa mkiisikia ni yake. Bi Nukta amefariki dunia, na juma hili amezikwa.

Nawaomba radhi mapema. Mmezoea kipindi hiki kiwe na sauti ya upole, na nitajitahidi, ila siahidi. Nina kinyaa, wasikilizaji, na kinyaa hakijifichi mbele ya maikrofoni.

Tuanze na kaka yake, maana mambo yote yalianza naye. Kaka mtu haoni tangu utotoni. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, na madaktari wote aliwajua kwa vikohozi vyao na kwa namna wanavyoburuta viatu. Ukipiga simu umechanganyikiwa, mgonjwa wako hujui yuko wadi gani, yeye anakwambia, "Tulia mama, nipo hapa," nawe kweli unatulia. Kitu kimoja tu kilimkera: gazeti. Alilitaka gazeti lote, hadi matangazo ya mnada, na wa kumsomea alikuwa mmoja tu, mdogo wake.

Mdogo wake huyo, Bi Nukta, alikuwa mpanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji. Kazi hiyo ilimwachia maradhi yasiyo na dawa: hakuweza kuvumilia nukta iliyokaa vibaya. Alisahihisha vibao vya maduka. Alisahihisha hata kadi za harusi alizoalikwa. Bwana harusi mmoja alirudishiwa kadi yake papo hapo mlangoni. "Nitakuja, baba," alimwambia, "lakini hapa umeweka alama ya kuuliza. Unamwoa au unauliza?"

Siku moja hospitali ikampa kaka mtu kompyuta inayosoma kwa sauti. Alirudi nyumbani amefurahi, akaiwasha, na furaha ikaishia hapo. Ile mashine ilisoma Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Ilipokutana na ng'ombe ilikwama, ikaanza kumtaja herufi mojamoja. Kaka akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mdogo wangu, huyu ananisomea au ananitukana?"

Bi Nukta alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Akaanza kujifunza kuandika programu, mwanamke mzima, kwa vitabu vya kuazima na kompyuta ya kiwandani wakati wenzake wamekwenda kula. Alitaka mashine imsomee kaka yake Kiswahili cha watu.

Sauti alirekodi mwenyewe. Nyumba ilikuwa na kelele: watoto, majirani, bomba linalovuja. Pa kimya palikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kabati la nguo. Basi akawa anaingia kabatini, katikati ya makoti na mashuka, anasoma maneno na alama zote za uandishi moja baada ya nyingine, na kaka yake ameketi nje ameushikilia mlango usijifungue. Joto lilikuwa kali. Binti wa Bi Nukta, ambaye siku hizi ni muuguzi, alituambia hivi: "Mama alikuwa akitoka mle ameloa kama ametoka kuoga. Mjomba anampa taulo, anamwambia, haya, yamebaki maneno ya K."

Programu ilipomsoma ng'ombe kwa mara ya kwanza bila kumvunja miguu, kaka alijipiga kiganja gotini akasema, "Barabara!" Si barabara ya magari, wasikilizaji. Ni ile nyingine, ya sawasawa. Jina likapatikana.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uzito. Bi Nukta angeweza kuifungia Barabara kwenye sanduku akaiuza. Hakufanya hivyo. Aliitoa iwe programu huria. Maana yake, mambo yote ya ndani yaliwekwa wazi: yeyote aliweza kuitumia, kuifungua aone imetengenezwaje, kuirekebisha, kumpa jirani. Akaitoa kwa watu wote, na ruhusa hiyo aliyoitoa haina kurudishwa.

Watu wakaja. Alianza mwalimu wa fizikia, akaja fundi redio, kisha wanafunzi, kisha watu wa miji ambayo Bi Nukta hakuijua hata upande ilipo. Wote walijitolea. Barabara ikaingia kwenye simu, mashuleni, kwenye zahanati. Na kadiri ilivyokua, sheria yake ilibaki moja. Hakuna badiliko lililoingia mpaka kaka mtu alisikilize. Akinyamaza, mrudi mkafanye upya. Akisema "barabara", limepita. Wahandisi wenye shahada zao walikaa wakisubiri neno moja la mpokea simu, na hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitegemea kusoma.

Na palikuwa na kosa moja maarufu. Kwenye uandishi kuna alama iitwayo nukta mkato, ile nukta yenye mkia chini yake. Katika kukata na kupanga rekodi, Bi Nukta alichanganya vipande. Mahali pa nukta mkato palikaa kipande alichosema kabatini bila kujua kwamba kinasa sauti bado kinaenda. Kwa hiyo mashine inasoma barua rasmi, imekaza sauti, inafika kwenye nukta mkato, mara inasema, "Kaka, nimechoka. Tuishie hapo, bwana." Halafu inaendelea na barua.

Bi Nukta alitamani ardhi ipasuke. Yeye, kati ya watu wote, kukosea alama! Alilirekebisha siku hiyohiyo, akampelekea kaka yake alisikilize. Kaka kimya. Akapeleka tena. Kimya. "Sheria ni yako," kaka alimwambia. "Mimi neno sitoi." Kosa likabaki. Watumiaji wapya waliliripoti kwa hasira, nao wajitoleaji wakawajibu kwamba hiyo si hitilafu, huyo ni mwenye nyumba anapumzika.

Laiti ningeweza kuishia hapa, nikawawekea wimbo.

Kati ya wajitoleaji alikuwapo kijana mmoja mtanashati, mwepesi wa ulimi. Wenzake walimwita Maono, maana hakuweza hata kuagiza chai bila kusema ana maono. Alimwita Bi Nukta mama. Alimletea matunda alipoanza kuugua moyo. Alimvisha kilemba cha ukoka, naye Bi Nukta, ambaye aliona kila nukta iliyopinda, hakukiona. Maono akasema mradi umekua, unahitaji taasisi. Sawa. Taasisi inahitaji mwenyekiti. Sawa, awe Maono. Rekodi za kabatini zisikae kwenye kabati la mtu mgonjwa, zikabidhiwe taasisi zihifadhiwe. Bi Nukta akazikabidhi. "Mwanangu," alimwambia, "nimekupa koo langu, ulitunze."

Likatunzwa kweli. Taasisi ikaingia ubia na kampuni, na Maono akatoka upande mmoja wa meza akahamia upande wa pili bila hata kubadilisha kiti. Kukatangazwa mwelekeo mpya. Barabara mpya ikafungwa, hakuna tena wa kutazama ndani. Wajitoleaji wakashukuriwa kwa barua moja iliyofanana kwa wote. Na jambo la kwanza kabisa walilolifanya, kabla ya lolote, lilikuwa kuiondoa ile "Kaka, nimechoka". Walisema haina weledi. Kaka mtu hakuulizwa. Neno lake halikutafutwa tena.

Halafu mashine ikafundishwa koo la Bi Nukta kupitia zile rekodi, mpaka ikaweza kusema maneno ambayo yeye hakuwahi kuyasema maishani.

Kaka alikuwa ameketi sebuleni, simu imejisasisha yenyewe, anasomewa maelezo ya dawa zake za presha. Sauti ya mdogo wake ikasema, "Meza kidonge kimoja asubuhi, baada ya..." Ikakatika. Ikarudi imechangamka, sauti ileile, ya ndugu yake wa tumbo moja: "Umebanwa? Mikopo ya haraka, bila maswali!" Kisha, bila haya, "...chakula."

Wasikilizaji, mniwie radhi. Ptu! Katikati ya dawa ya mtu! Mtu asiyeona, hana pa kukwepeshea macho!

Kaka akampigia kwa simu nyingine. "Mdogo wangu, umeanza biashara ya mikopo?" Bi Nukta alidhani ni mzaha. Kaka akaisogeza ile inayosoma, asikie. Binti alikuwapo kwa mama yake. Anasema mama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu mezani taratibu, akaenda bafuni kutapika. Aliporudi alisema, "Nimejisikia nikifanya jambo ambalo sijalifanya."

Alimwandikia Maono. Aliomba kitu kimoja tu: sauti yake itolewe. Jibu likaja haraka, na lilikuwa hili: "Tunathamini, maoni yako." Akaandika tena kwamba hayo si maoni, hilo ni koo lake. Likaja jibu lilelile, hata mkato ulikuwa umekaa palepale pasipostahili. Akaenda mwenyewe hadi ofisini kwao, na moyo wake ule, ngazi zile. Maono akampokea kwa kumkumbatia. Akamwambia, "Mama, sauti yako sasa itaishi milele."

"Wewe mtoto," Bi Nukta akamjibu, "nani alikuomba?"

Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Sisemi kwamba walimuua, mimi si daktari, moyo ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Nasema tu kwamba alikufa amenyimwa koo lake.

Na hawakukomea hapo. Siku ya msiba sebule ilijaa watu. Kaka mtu ameketi kwenye kochi, watu wanaingia, wanampa mkono. Simu yake ikalia, ujumbe umeingia, nayo kwa mazoea ikausoma kwa nguvu. Sauti ya Bi Nukta ikaingia katikati ya wafiwa, safi, ya furaha kidogo: "Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha mwanzilishi wetu mpendwa, Bi Nukta. Barabara, tunakusomea maisha." Marehemu akitangaza kifo chake mwenyewe, kwa kaka yake, na kaulimbiu ya kampuni juu!

Wanawake walipiga ukelele. Mzee mmoja alisimama, hajui anakwenda wapi. Kaka peke yake hakushtuka. Aliinyoosha ile simu kwa binti wa marehemu akasema, "Mpwa wangu, mtoe nje huyu mtu. Simjui." Binti akaichukua, akaiacha nje, chini ya ukuta, karibu na viatu.

Kampuni hiyohiyo imetuletea hapa studio salamu za rambirambi, kwa sauti hiyohiyo, ikitusihi tuzirushe hewani. Nimezisikiliza mara moja. Nilikwenda kunawa mikono, ingawa sikuwa nimeshika kitu. Hatuzirushi. Wakitaka kutushitaki, mlango wetu wanaujua.

Sasa kaka abaki na nini? Hilo ndilo lililonikosesha raha juma zima. Asiyeona hana picha ya marehemu ya kutundika ukutani. Picha yake ni sauti, na sauti imekwishachafuliwa. Aifute, ampoteze mdogo wake mara ya pili? Aiache, aendelee kuuziwa mikopo na maiti?

Nawakumbusha jambo nililowaomba mlisikilize vizuri. Bi Nukta aliitoa Barabara iwe huria, na ruhusa hiyo haina kurudishwa. Kampuni imefunga ile mpya. Ile ya zamani hawana uwezo nayo. Yule mwalimu wa fizikia alikuwa na nakala yake, na wajitoleaji wamekwishaanza kukusanyika tena kuiendeleza. Binti akaiweka kwenye simu kuukuu ya mjomba wake. Ina mikwaruzo, inasoma polepole, lakini kila neno lililomo Bi Nukta alilitamka mwenyewe, kwa kinywa chake, ndani ya kabati lile. Kaka aliisikiliza kutwa nzima. Ile mpya ameifuta.

Kwa binti, kwa kaka, na kwa wajitoleaji wote mliofanya kazi na marehemu, poleni. Poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mtu ajiulize leo: kitu kilichotengenezwa na wengi kwa mapenzi, anapokuja mwenye maono kukichukua, sisi tunakuwa wapi? Tunabonyeza "Nakubali" tunaendelea na chai. Mimi pia nilibonyeza.

Kaka mtu yuko nami hapa studio, pamoja na binti. Nimemwomba atuchagulie namna ya kumuaga marehemu. Ametoa ile simu kuukuu mfukoni, akamwambia binti aandike nukta mkato, peke yake, bila neno mbele wala nyuma.

"Mjomba," binti amesema, "peke yake haikai."

"Najua haikai. Mama yako angenichapa. Weka."

Ameiweka. Wasikilizaji, tumsikilize.

"Kaka, nimechoka. Tuishie hapo, bwana."

"Barabara," amesema kaka.