Daraja Tulilompambia Mgeni

Risala ya wakazi wa kijiji cha Golo Ndari kwa Mkuu wa Wilaya, iliyosomwa na Mwalimu Ludgardis Naul mbele ya nyumba ya ukoo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Hendrikus Jelatu, Mkuu wa Wilaya yetu, Baba Padre, viongozi mlioongozana naye, ndugu zetu wote wa Golo Ndari.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, umepokewa langoni kwa jogoo mweupe na kibuyu cha pombe yetu ya tuak, umefungwa kitambaa cha songke begani, na kimila sasa umeshakuwa mtu wa nyumbani. Tunashukuru kwamba umekuja mwenyewe. Barua ya ofisi yako ilikuwa imetuambia huenda ungemtuma msaidizi.

Tunakuomba radhi kwa matope yaliyokufika magotini, na kwa kiatu chako cha kushoto kilichochukuliwa na mto. Vijana wawili bado wanakitafuta huko chini, ingawa hatukupi matumaini makubwa. Tunakuomba radhi pia kwa daraja. Umeona mwenyewe jinsi mianzi ilivyooza, hata ukalazimika kukanyaga nyaya tupu huku umefungwa kamba kiunoni. Daraja lile tungeweza kulitengeneza kabla hujaja. Tumeliacha hivyo kwa makusudi, na risala hii imeandikwa hasa ili kukueleza sababu.

HISTORIA FUPI YA KIJIJI

Golo Ndari ina kaya tisini na nne. Babu zetu walipanda huku juu wakifuata udongo mweusi, wakakata mashamba ya duara na kuyagawa kutoka katikati kama utando wa buibui, kila nyumba na kipande chake. Mpaka leo tunayalima hivyo hivyo: mpunga wa mlimani, mahindi, mihogo, na kahawa pembezoni.

Mto Wae Rebok unatutenga na barabara, kituo cha afya, sekondari na soko. Nyaya za daraja tuliletewa na padre mmoja wa zamani. Sakafu ni mianzi, na hiyo ni kazi yetu wenyewe.

MAFANIKIO

Tuna shule ya msingi yenye watoto hamsini na wanane. Tuna bomba la maji kutoka chemchemi, tulilolichimbia mtaro kwa mikono yetu. Vanila imeanza kukubali. Mabinti wawili wa kijiji hiki wanasomea uuguzi mjini, na wameahidi kurudi. Mama zao hawaamini sana ahadi hiyo, lakini sisi wengine tunaiamini.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mtandao wa simu tunaufuata kilimani. Vijana wetu zaidi ya arobaini wako Kalimantan na Malaysia kwenye mashamba ya michikichi, na wengine hawajui kaburi la baba yao liko upande gani. Hayo na mengine yamo kwenye karatasi utakayokabidhiwa. Hapa tutasema moja tu.

Miaka sita iliyopita tulipata barua kwamba mgeni mkubwa kutoka wilayani anakuja kuliangalia daraja, ili lijengwe jipya la chuma. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na moja. Kwetu ni aibu mgeni kuchafuka mguu, kwa hiyo kijiji kizima kilishuka mtoni. Tukamwaga kokoto njiani, tukafagia hata vichaka. Sakafu ya daraja tukamwachia fundi Klemens Tagur, aliyeketi pale safu ya pili na shati la bluu. Hapa milimani hakuna anayemfikia kwa kupasua na kusuka mwanzi.

Fundi Klemens alijua tunachokosea. Mwanzi hukatwa kiangazi, ukalowekwa mtoni wiki nyingi, la sivyo dumuzi huutafuna kwa ndani wakati nje bado unang'aa. Alisema hivyo mara moja, tukamjibu kwamba mgeni hawezi kungoja mwanzi ulowe. Akaukata mbichi, akausuka kwa michoro ileile tunayofumia vitambaa. Siku ya kumi na moja hata yeye alisimama akaitazama kazi yake na kutabasamu. Tukaongeza matao ya makuti machanga na maua pande zote mbili.

Mgeni yule alivuka viatu vyake vikiwa safi. Alipiga picha katikati ya daraja, akampa fundi mkono. Kisha akaandika katika kitabu cha wageni, na kitabu hicho kipo mezani kwako, kwamba daraja la Golo Ndari ni zuri na imara, na wananchi wake wanajitegemea. Hatumlaumu, aliandika alichokiona. Daraja la chuma likapelekwa kwingine.

Msimu wa pili wa mvua, sakafu ile ilianguka vipande vipande. Mwezi wa pili mwaka huohuo, Mama Kresensia, mke wa fundi Klemens, alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa nne, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Tulimbeba kwa machela hadi ukingoni. Mto ulikuwa umejaa, na pale katikati ya daraja palikuwa na nyaya tu, maji yakizipita juu. Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo, limewasha taa. Mkunga naye alikuwa ng'ambo, tunamwona, anatuonyesha kwa mikono la kufanya na kupaza sauti, lakini maji yalikuwa yanapiga kelele kuliko yeye. Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Mama Kresensia alifariki akiwa ameegemea kifua cha mumewe, na mtoto hakuzaliwa.

Tangu siku hiyo fundi Klemens hajashika mwanzi. Ukimwuliza atakwambia mgongo unamsumbua. Lakini mwaka jana, tulipokuwa tunapalilia, alimwambia jirani yake maneno haya, naye ameturuhusu tuyasome: "Kila mtu ananiambia ni mto. Mimi najua nilichokisuka."

Ilipokuja barua yako, Mheshimiwa, tulikutana hapahapa. Mwenyekiti wetu, Bwana Fidelis, alitaka tushuke mtoni tena.

"Mgeni akidondoka, uso tutauficha wapi?" aliuliza.

Fundi Klemens, ambaye huwa hasemi mikutanoni, alisimama. "Mke wangu alipofia pale, wewe uliuficha wapi, Fidelis?"

Mama Getrudis, ambaye hata msibani hakosi neno, akasema basi tuweke maua kwenye mashimo ili mgeni ayaone vizuri. Tulicheka kidogo, na Bwana Fidelis naye akacheka huku anafuta macho. Tukakubaliana: kamba imara, vijana wanane wenye nguvu, na daraja liachwe lilivyo.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, ombi la kwanza umeshalielewa. Tunaomba daraja la chuma. Mawe, mchanga na nguvu za mikono tutatoa sisi. Tunaomba pia, ukifika kwenye kitabu cha wageni, uandike ulivyovuka.

Ombi la pili halimo katika nakala uliyopewa, kwa sababu tumeliandika nusu saa iliyopita.

Odilia ni binti mkubwa wa fundi Klemens. Ana mimba yake ya kwanza. Wajawazito wetu huvushwa mapema, wakakae karibu na kituo cha afya, na yeye alikuwa avuke Jumanne ijayo. Uchungu umemshika leo asubuhi, wiki tatu kabla. Wanawake walimshusha hadi mtoni saa tatu. Daraja linabeba watu watatu kwa mara moja, na msafara wako, Mheshimiwa, wenye watu ishirini na sita, ndio ulikuwa umeanza kuvuka kuja huku. Tuliwaambia wamrudishe, wampishe mgeni kwanza.

Tumefanya hivyo leo, baada ya yote tuliyokusomea. Hakuna aliyetulazimisha. Tumezoea kumpisha mgeni, na tulikuwa tumeshamrudisha Odilia nyumbani ndipo tulipoona tulichofanya. Fundi Klemens alitutazama tu. Tunaona aibu, na tunaisema mbele yako na mbele yake.

Sasa Odilia yuko kwenye machela nyuma ya nyumba hii. Amekuwa akijizuia kulia ili asiharibu sherehe. Mkunga aliyekuja katika msafara wako amemwangalia, anasema mtoto amekaa vibaya na kwamba muda upo, lakini si mwingi. Mvua imeshaanza kunyesha juu milimani. Magari pekee yaliyopo ng'ambo ni ya kwako.

Ratiba inasema baada ya risala utajibu, kisha chakula, kisha ngoma. Tunakuomba usijibu. Wali na nyama ya nguruwe tutawafungashia watu wako, na ngoma tutapiga siku nyingine. Tunakuomba usimame sasa, utangulie wewe kwenye nyaya, ili walinzi wako watakaokimbilia kukushika wewe wamshike na yeye zamu yake ikifika. Baba yake atamfuata nyuma.

Mungu akuvushe salama wewe, amvushe Odilia, na amvushe yule ambaye bado hatujampa jina.

Machela imeshainuliwa, Mheshimiwa. Wanakungoja wewe.

Ni sisi,
Wakazi wa Golo Ndari