Nani Atapewa Mashine ya Murukku

Sikilizeni, wanangu, na hizo simu zilazeni kifudifudi mezani, maana sitasema mara mbili. Bakiri, kaa chini. Lerato, acha kulia. Machozi yako nayajua tangu utotoni, hukauka mara ukiona sahani. Ninasema Kiswahili kwa makusudi, lugha mnayoielewa mkaona haya kujibu kwayo, asije mmoja wenu kesho akadai kwamba mama alikuwa akiweweseka. Mimi Zubeda, mzaliwa wa Morogoro, niliyeletwa Johannesburg na baba yenu siku alipomaliza ukimbizi wake wa kupigania nchi hii, nina akili zangu timamu. Kilichochoka ni kifua tu.

Mengine ni mepesi, niyamalize. Nyumba ya Soweto aliyoiacha baba yenu, na fleti hii ya Fordsburg, mgawane kama dini inavyosema. Imamu atawapigia hesabu, na asijitokeze mtu kujifanya mwerevu kuliko Kurani. Cherehani mpelekeeni shangazi yenu Morogoro. Sidaiwi na mtu. Limebaki moja, lile mnalolingoja huku mkitupia macho juu ya kabati mkidhani sioni: mashine yangu ya shaba ya kukamulia vitafunio vya murukku.

Bakiri, mpango wako niliusikia. Ulisimama kibarazani ukizungumza na yule jamaa wa kiwanda, ukidhani mwenye homa ni kiziwi. Murukku itoke kiwandani kwa jina langu, na picha yangu ikae kwenye pakiti, nimevishwa kilemba ambacho sijawahi kukivaa maishani mwangu, na mashine itundikwe ukutani dukani kama pembe za nyati, watu wapige nayo picha. Sampuli waliyoileta nimeionja. Nilishika kipande nikakivunja, nacho kikapinda. Murukku ikapinda, wanangu, mkononi mwangu mimi, nanyi mmesimama hapo mnatabasamu na kuuliza, Mama, si nzuri? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho chenu mtakitembeza mpaka kivae viatu.

Mmekula murukku tangu hamjaota meno, na hata leo hamjui ni nini. Mnadhani ni kitu cha kutafuna mbele ya televisheni. Ni unga wa mchele na unga wa choroko nyeusi zilizokaangwa kavu mpaka zinukie, ukatiwa samli ya moto, binzari nyembamba na ufuta, ukakandwa, ukasukumwa kwenye tundu lenye meno, ukazungushwa duara ndani ya duara, ukaingia mafutani na kukaa humo mpaka mapovu yanyamaze. Na haukandwi wote kwa pamoja. Unakandwa wa kujaza mashine mara moja, unakamuliwa, unakaangwa, ndipo unakanda mwingine. Ndiyo maana mgongo wangu umepinda, wala si uzee kama anavyodai daktari.

Mashine hiyo sikuinunua. Nilipofika hapa mgeni, simjui mtu ila mume, ghorofa ya chini alikaa Ma Padayachee, Mhindi wa Kitamili, mjane, mkali kama pilipili ya kuning'inia jikoni. Alinikuta nikinusa mlangoni kwake akaniuliza nanusa nini, nikamwambia nanusa choroko inayoungua. Akakimbilia jikoni, akakuta kweli. Toka siku ile nikawa nakaa naye karibu na karai, miaka na miaka, akinipiga kofi mkononi kila nikikosea, nami mke wa mtu mwenye watoto. Alikuwa na binti wa kumzaa, Saroja. Saroja alichukua unga wa dukani uliochanganywa tayari, akaukaanga, akauuza sokoni kwa jina la mama yake. Ma Padayachee alipojua hakugombana. Alipokuwa karibu kufa, kama mimi leo, aliita watu wa nyumba yake wote, akaichukua mashine mbele ya binti yake, akanipa mimi, Mswahili wa ghorofa ya juu.

Saroja hajanisamehe. Alifungua meza yake ng'ambo ya barabara, mkabala na meza yangu ya kuuzia, ananitazama uso kwa uso, na kila mteja anayepita humwambia kwamba murukku ya Mwafrika imelaaniwa kwa samli nyingi. Mwanzoni vitu vyake vilikuwa vigumu mno, ungeweza kujengea ukuta. Mimi nilicheka. Nilikuwa namtuma mtu aninunulie pakiti yake ili nipate kucheka vizuri. Mwaka baada ya mwaka nikawa nacheka kidogo kidogo, mpaka ukafika mwaka nikavunja kipande chake nikanyamaza. Kilivunjika inavyotakiwa. Alijifunza peke yake, bila mashine, bila mama, kwa hasira tupu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na Saroja ulimwengu ulimfunza vizuri.

Msidhani nampenda. Ana ulimi mchafu, na mkono wake ni mzito kwa ufuta, anaumwaga kwa majivuno tu.

Sasa nawauliza la mwaka jana. Sikukuu ya Diwali ilikaribia, oda za wateja zimejaa, nami nikalazwa hospitali. Mlikuja kitandani mkaniambia, Mama, usiwe na wasiwasi, tutafanya sisi, sharp, poa kabisa, hakuna atakayejua. Mkakanda ndoo nzima siku moja, eti kuokoa muda, mkaulaza unga kwenye friji kama nyama, asubuhi mkakaanga. Unga wa murukku ukilala hunywa mafuta na kuwa mwekundu. Mlilijua hilo? Hamkulijua. Niliwaambia mara ngapi mkiwa mmesimama palepale jikoni, masikio mmeyaziba kwa vile vizibo vya muziki? Sikio la kufa halisikii dawa. Mkauza zote, wateja wakasifu, mkarudi kwangu mnacheka, Bakiri ukisema, unaona, Mama, watu hawajui tofauti.

Mtu mmoja alijua. Aliingia wodini jioni ile bila ua wala tunda, na pakiti yenu mkononi, akasimama miguuni pa kitanda changu. Ni Saroja. Hatukuwa tumesemeshana tangu mazishi ya mama yake. Alitoa kipande, akakivunja karibu na sikio lake, akanitazama. Akasema, "Huu unga umelala. Nikajua unaumwa, maana wewe hukaangi unga wa jana." Kisha akasema, "Watoto wako wanakuzika ungali hai." Akaweka ile pakiti kwenye pipa la takataka, akaondoka. Nililia, wanangu. Nililia kwa kuwa katika mji huu mzima aliyetambua kwamba sipo jikoni mwangu ni adui yangu, na niliowazaa walikuwa wanahesabu sifa.

Kwa hiyo mashine iende kwa Saroja. Lerato, nyamaza! Imamu nimeshamuuliza, wosia kwa asiye mrithi haupiti theluthi ya mali, na shaba ile haifiki hata ukucha wa theluthi. Mnaona mama amewadhalilisha kwa mtu baki. Ndivyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimewachelea vya kutosha.

Nipe maji... kidogo tu. Basi.

Nizikeni kabla ya Alasiri, msingoje jamaa wa mbali. Kwenye hitma msiwape watu ile inayopinda, wapeni tende. Jina langu halitaandikwa kwenye pakiti ya mtu yeyote, wala hiyo sura yenye kilemba. Bakiri, mashine utaipeleka wewe mwenyewe, kwa miguu, mchana, watu wakiona, utavuka barabara umeipakata. Saroja atakutukana. Utasimama hapo, utasikiliza mpaka amalize. Na umwambie... umwambie Zubeda anasema apunguze ufuta.

Pumzi inakatika. Sogeeni.

Baraka yangu ni hii, na muipokee hata kama haina utamu. Kuna wawaombeao watoto wao mali, na kuna wawaombeao amani. Mimi siwaombei hayo. Saroja alinyimwa na mama yake mzazi mbele za watu, akarudi nyumbani na uchungu ule, akawasha jiko. Nanyi leo nimewanyima. Mungu asiwaondolee uchungu huu upesi. Uwakae... uwakae kifuani mpaka mmoja wenu ashindwe kulala, ainuke, akakande.

Bakiri, umekunja uso. Unanichukia?

Vizuri, mwanangu... Kunja hivyo hivyo. Semeni amina.