Chuma Alichokiokota Mzee Njuki

Basi la kutoka Siakago kwenda Embu lilikuwa nusu tupu, kwa hivyo Nadhira, mke wa mwenye bucha huko Majimbo, hakukosa hata neno la wawili waliokaa mbele yake. Mzee Njuki alikuwa akimweleza Mwalimu Karimi, aliyejuana naye stejini tu, kwamba alipochimba mchanga mtoni alikuta chuma kizito chenye umbo la parachichi.

"Hilo ni bomu, mzee! Uliambia polisi?"

"Niliambia chifu, akasema niite polisi. Polisi wakasema nisiguse, ati watu wa mabomu wanatoka mbali. Jirani naye anasema hiyo ni kazi ya jeshi."

"Jeshi ni la mpakani. Ndani ya nchi ni polisi."

"Na wale wa ujasusi?"

"Hao wanasikiliza tu."

Nadhira, aliyesikiliza bila mshahara wowote, akainama mbele zaidi.

"Sasa nimlilie nani, mwalimu? Siku tatu nalinda hilo shimo, watoto wasije wakachezea. Mbuzi wangu wanalala njaa."

"Kwani leo nani analinda?"

Mzee akakigusa kikapu kilichokuwa magotini pake. "Nilichoka kungoja. Nikaona niwaletee hao wakubwa wa Embu, wataamua wenyewe ni cha nani."

Mwalimu akainuka polepole. Nadhira alitaka kupiga kelele, ila hakujua amwite nani: dereva, polisi au Mungu.

Basi likasimama Embu. Mzee akageuka, akamuuliza Nadhira kwa upole, "Mama, ofisi yao iko upande gani?"